Freni ya Nyumba ya Baridi

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu, 1975

Jamila, toa mkono wako kwenye kaye hii, daftari langu! Ukifika mstari huu umeshaiba. Mke wa mwanangu, umesoma kwa masista, unajua Kifaransa cha kununulia mkate, lakini hawakukufundisha kwamba kitu cha mama mkwe hakifunguliwi. Rudisha chini ya mto wangu wa kulalia kama ulivyokuta. Ncha ya kalamu itazame dirisha.

Sasa mambo ya leo.

Bakari ameondoka na treni ya asubuhi kwenda Kongolo, kazi ya Kampuni. Atarudi Jumamosi. Kabla ya kuondoka alinikalisha kwenye kiti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi niliyemzaa! Akasema Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka Kinshasa, kuangalia nyumba zote walizoziacha wazungu wa Kampuni. Nyumba ambayo mashine yake imekufa, waliomo wanatolewa, anaingizwa mwingine anayejua kutunza mali ya taifa. Na huyo mwingine anajulikana. Ni Okito, msaidizi wa Bakari kwenye bohari, jirani yetu wa ukuta mmoja. Mke wake Leontina akilala anaiota nyumba hii, akiamka anaichungulia.

Nikifa, atakayeokota kaye hii aelewe ni nyumba gani. Katika Kindu nzima ziko chache za namna hii. Mashine moja iko nje, nyuma ya jiko. Ya pili iko juu ya plafo, yaani dari, katika korido. Kutoka hapo baridi inapita ndani ya mabomba mapana ya bati, inateremkia kwenye matundu, kila chumba na tundu lake. Unabonyeza kidude kimoja ukutani, nyumba nzima inakuwa Ulaya.

Chumba changu kina tundu. Kina mlango na ufunguo, na ufunguo ninao mimi. Kule mtaa wa Mikelenge, kabla ya nyumba hii, nililala na wajukuu wanne na magunia ya mchele. Tena ni hapa tu nilipoweza kulivaa koti la marehemu mume wangu, Kasimu. Koti la reli, la sufu, vifungo vya shaba. Kwa joto la Kindu, muntu akilivaa njiani watamwita kichaa. Chumbani mwangu, na baridi ile, nililivaa kila siku baada ya alasiri, nikakaa. Basi. Kukaa tu.

Sasa ni wiki ya tatu koti liko msumarini. Mashine inanguruma, baridi hakuna. Na haisimami! Zamani ilinguruma, ikapumzika, ikanguruma tena, kama muntu mwenye adabu. Sasa ni kutoka asubuhi mpaka asubuhi bila kuvuta pumzi, kama Leontina akisimulia.

Bakari ameamuru nimwite Kakule, fundi wa frigo na vyombo vyote vya baridi, na mimi nisiguse kitu. Nimekubali. Kukubali hakumchoshi mtu.


Jumanne, tarehe 4

Kakule amekuja. Ni Mnande wa Butembo, ana duka mtaani kwetu hapa Kasuku, anatengeneza frigo, redio na pasi, na katikati anauza chumvi. Hakuingia hata ndani. Gari la Kalima lilikuwa linamngoja barabarani, linapiga honi kama arusi. Akazunguka nyuma ya jiko, akaitazama mashine ya nje. Bomba lake lilikuwa limeota barafu, nyeupe, kama ndevu za padri. Jua kali, na bomba lina barafu! Ndani ya nyumba, joto la chungu. Akaligusa kwa kidole akasema, "Mama, hapa freoni njo imekwisha."

Nikamuuliza imekwisha nini. Akarudia kwa pua, fre-o-ni, kama muntu mwenye mafua. Akasema yeye hana. Inatoka Kisangani, inakuja ndani ya chuma. Arudi kwanza kutoka Kalima Jumapili, tutaona. Akiwa mguu mmoja garini akauliza kama chujio la ndani ni safi. Nikamwambia ni safi sana, limepita motoni. Akasema aksanti mama, akaenda.

Freni! Kumbe njo hiyo tu!

Mimi ni mjane wa freni. Kasimu alikuwa mtu wa freni, yaani breki, kwenye treni miaka kumi na tisa. Alikuwa anapanda juu ya mabehewa na kukaza gurudumu la freni kwa mikono, mvua, jua, na mimi nikifua nguo zenye vumbi la freni. Freni ikilika, gari haisimami. Mashine yetu haisimami. Hata mbuzi angeelewa. Fundi mzima anapanda gari kwenda Kalima, na freni zimelala stesheni, ukitema mate zinalowa.

Jamila alisimama mlangoni akaniuliza Kakule amesema neno gani hasa. Nikamwambia ni mambo ya reli, hayamhusu. Akafungua kinywa. Nikamwambia afunge, nzi ni wengi.

Kuhusu lile chujio, niandike nisije nikasahau nilikoliweka. Liko jikoni nje, juu ya moto. Ni wavu wa chuma wenye fremu, mpana kama meza. Mzungu aliuweka juu ya plafo ukamate vumbi. Wavu mzuri namna ile, ukamate vumbi! Wiki tatu zilizopita nilipanda ngazi nikautoa. Sasa nakaushia samaki kwa moshi, na hakuna hata mkia mmoja unaovunjika. Tundu sikuliacha wazi, mimi si mshenzi. Nilichukua kitenge changu cha Chama, kile kipya chenye mkono na mwenge, alama ya Chama kinachotawala, tulichopewa wanawake siku ya gwaride, nikakikunja mara nne, nikaziba. Kizito. Vumbi halipiti. Hakuna kinachopita. Mashine inatunzwa kuliko wakati wa mzungu.


Jumatano, tarehe 5

Nimejifunga vitenge vyangu viwili vya heshima, nimekwenda stesheni kwa Musafiri. Alikuwa mwenzake Kasimu kwenye mabehewa. Sasa ni mkubwa wa karakana, meno yamebaki matatu na yote matatu yanatoa amri. Nikamwambia nataka freni. Akauliza ya behewa gani. Nikasema ya nyumba.

Akavua kofia. Akauliza kwa heshima zote, "Sasa shemeji, nyumba yenu inateremka mlima gani?"

Karakana nzima ikacheka mpaka nyundo zikanyamaza. Nikawangoja wamalize. Kisha nikamkumbusha Musafiri, kwa sauti ya kusikika, mwaka ule behewa la mahindi lilipowaponyoka karibu na Kibombo. Nani alikimbia juu ya mabehewa kukaza freni, na nani alikutwa chini ya gunia akisoma dua. Kicheko kikaisha. Nyundo zikaanza tena.

Akanipa sabo moja. Sabo ni kile kipande cha chuma kinachobana gurudumu. Imelika upande mmoja, lakini uzito bado ni wa mtoto wa miaka mitatu, tena aliyeshiba. Musafiri akataka kutafuta mtu wa kunibebea. Nikakataa. Nimebeba mimba sita. Nikaweka kata kichwani, nikaitia juu, nikatoka. Nyuma yangu nikamsikia akiwaambia watu wake, "Kasimu alikuwa hodari kwa sababu alikuwa anakimbia nyumbani." Nitamkumbusha siku nyingine.

Leontina alikuwa amesimama mlangoni mwa ua wake. Tangu Serikali ilipowaambia watu waache majina ya ubatizo, yeye anataka kuitwa Sitwayeni, yaani mwananchi, na nyuma yake jina la babu yake, refu kama treni ya mizigo. Mimi nilikula wali wa ubatizo wake. Leontina ni Leontina. Akauliza, "Mama Bakari, unabeba nini kizito hivyo na jua hili?"

Mimi sisemi uongo barabarani. Nikamjibu, "Sabo."

Macho yakamtoka. Akauliza kama stesheni ziko nyingi. Nikamwambia ziko lundo, lakini bila kujuana na Musafiri hupati hata kipande. Nikapita shingo imenyooka, haiwezi kuwa vingine na mzigo ule. Nimefurahi. Hajui hata freni ni nini, lakini wivu umemshika mpaka kwenye masikio.


Alhamisi, tarehe 6

Freni imefungwa. Kazi ya asubuhi moja, na sikusoma popote.

Freni lazima ibane kitu kinachozunguka. Ndani ya mashine ya nje kuna pangaboi, lakini mzungu aliifungia ndani ya kizimba cha chuma kama kasuku. Nilijaribu kufika kwa mwiko. Mwiko sasa ni mfupi. Basi nikaipandisha sabo juu ya mgongo wa mashine, nikaikaza kwa mipira miwili ya baiskeli. Palepale mashine ikaacha kutetemeka. Sauti ikashuka! Baridi haijaja, lakini treni nayo haisimami palepale. Kasimu alisema treni nzito unaikaza Kibombo, inakusikia kijiji cha mbele.

Mchana maji yakaanza kudondoka kutoka plafo ya korido. Jamila akasema ni barafu, imejaa kule juu, tuzime mashine iyeyuke. Nikakataa. Mashine ukiizima inasahau kazi. Nikamwambia mgonjwa akitoka jasho, homa njo inashuka. Nikaweka beseni.

Halafu wanawake sita mlangoni mwa ua. Kila mmoja na kapu. Mama Marie-Louise mbele, mikono kiunoni. Akasema wamesikia nimepata sabuni. Nikauliza sabuni gani. Akasema ile niliyotoka nayo stesheni, nzito, kichwani, watu wameniona. Kumbe Leontina ana masikio ya kuazima! Nilisema sabo, yeye akasikia sabuni, na sabuni haijaonekana sokoni tangu sikukuu. Nikawaeleza si sabuni, ni sabo, ya mashine. Mama Marie-Louise akawageukia wenzake. "Mmesikia? Wakubwa wako na sabuni ya mashine! Sisi watoto wetu wanafuliwa na majivu!"

Nikafunga mlango. Waliyoyasema nje siyaandiki, kaye hii ni safi.

Na Leontina? Alikuwa nyuma yao, ananyoosha kamba kwenye dirisha la saluni yangu, chumba cha wageni, kutoka pembe mpaka pembe. Nikamuuliza anapima nini. Akasema gauni ya mtoto. Gauni ya mita tatu! Mtoto gani, wa tembo? Anapima rido, mapazia ya dirisha langu. Mimi bado ninapumua humu ndani, yeye anapima rido.

Nimerudi chumbani, nimefungua kaye. Pembeni mwa ukurasa wa Jumanne, kwa wino wa buluu, kuna maandiko. Nayaandika hapa yawe ushahidi: "Mama, si freni. Ni fréon. Ni hewa inayotiwa ndani ya bomba, njo inayoleta baridi. Na tafadhali tutoe kile kitenge. Samahani. J."

Kwanza, mwizi. Pili, neno lenyewe ameliandika vibaya, amelitia o katikati na kulichomeka kijiti juu. Masista walimaliza chaki bure. Tatu, hewa inatiwa ndani ya bomba? Hewa iko kila mahali, nani anaitia? Sitamjibu. Ncha ya kalamu nimeigeuza, sasa inatazama mlango. Tutaonana.


Ijumaa, tarehe 7

Siku nzito. Niandike kwa mpango.

Mkaguzi alikuja baada ya sala. Sitwayeni mnene, amevaa abakosti ya rangi ya kahawa iliyofungwa mpaka kooni, jasho linamtiririka hata kwenye kope. Kiswahili chake kinachechemea, nusu Lingala. Akakaa saluni chini ya tundu, akainua uso kama kifaranga anayengoja kulishwa. Tundu likampulizia joto. Akachukua kalamu. Jamila akaninong'oneza kwamba ameandika: mashine haifanyi kazi. Nikamwambia aharakishe chai.

Kabla chai haijafika, Leontina akaingia bila hodi. Akasema yeye ni sitwayeni mwema, inamuuma moyo, lakini nyumba hii imeficha sabuni ya wananchi. Mtaa mzima ni shahidi. Mkaguzi akasimama upesi kuliko unene wake. Inaonekana Kinshasa nako wanafua na majivu.

Akapekua. Chini ya sinki. Ndani ya mapipa. Chumbani mwangu akanyoosha mkono kwenye mifuko ya koti la Kasimu. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, hapo hapana." Akauondoa. Nyuma ya jiko akaiona sabo. Akauliza ni nini. Nikasema freni. Akamtazama Jamila. Jamila akatazama samaki.

Wakarudi korido. Mkaguzi akakanyaga beseni la maji, akainua macho, akauliza juu ya plafo kuna nini. Leontina akaruka. "Kule! Kule njo wanaficha!" Mkaguzi akapanda ngazi mwenyewe. Ngazi ikalia. Akasukuma kifuniko, akatia mkono mpaka kwapani, akavuta. Kikatoka kitu kinene, cheusi, kinachodondosha maji. Akakikunjua.

Vumbi la wiki tatu. Na katikati ya vumbi, mkono na mwenge.

Leontina akasema polepole, kama anaonja asali, "Kitenge cha Chama. Ndani ya takataka."

Hapo nikaiona nyumba inaondoka. Niliona Mikelenge. Niliona magunia ya mchele, na koti la Kasimu limekunjwa sandukuni, nondo wanaliingia. Na Bakari, anashuka treni kesho, hana nyumba, pengine hana na kazi. Watu wameitwa ofisini kwa makosa madogo kuliko hayo, na wengine mpaka leo wanangojwa nyumbani waje kula. Mkaguzi akauliza kwa sauti ndogo sana nani ameweka alama ya Chama mahali hapa.

Sikufikiri. Ningefikiri ningeharibu. Nikasema, "Mimi. Upepo wote wa nyumba hii, kabla haujaingia puani mwa muntu, lazima upite kwanza ndani ya Chama."

Akabaki juu ya ngazi. Akakitazama kitenge. Akanitazama mimi. Akamtazama Leontina na kamba yake ya rido mkononi. Nikaona anatafuta neno. Akisema nimekosea, maana yake upepo usipite ndani ya Chama, na hilo atalisema mbele ya mashahidi watatu. Akashuka, kipandio kimoja kimoja. Akanyoosha abakosti. Akasema, "Mama, hii njo uzalendo." Akaagiza kitenge kifuliwe na kutundikwa saluni, mahali pa heshima. Kisha akamgeukia Leontina na kumuuliza kwake upepo unapita ndani ya nini.

Leontina akasema kwake wanafungua tu dirisha.

Mkaguzi akaandika.

Saa ile ile umeme ukakatika, mara ya kwanza baada ya wiki tatu, na mvua ikaanguka kama imemwagwa. Mkaguzi hakuweza kuondoka. Tukamlisha: wali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wangu wa moshi. Akala mmoja. Akala wa pili. Kwa wa tatu akafungua kifungo cha kooni, akasema Kinshasa hakuna samaki waliokauka hivi, njia yake ni gani? Nikamwambia ni chombo cha mzungu. Kule korido maji yalikuwa yanamiminika kutoka juu, Jamila akamwaga beseni mara nne. Halafu yakakatika.

Mvua ikaisha. Umeme ukarudi. Mashine ikanguruma. Na tundu likapuliza baridi! Baridi ile ya zamani, ya kusimamisha vinyweleo. Mkaguzi akafumba macho. Leontina akajikunja mabega, kalikuwa kagauni ka kwendea kushtaki, kepesi. Na kabla chai ya pili haijaisha, mashine ikasimama. Yenyewe! Ikapumzika. Ikaanza tena.

Nikapiga kelele pale pale saluni, "Freni imeshika!"

Mkaguzi akamuuliza Jamila nimesema nini. Jamila akamjibu kwa Kifaransa, sijui nini, lakini mkaguzi akanitikisia kichwa kwa adabu. Akafuta aliyoyaandika. Jamila akanisomea mapya: Mashine nzima. Matunzo ya mfano. Wakaaji wabaki.

Leontina alitoka bila kuaga. Kamba yake aliisahau kwenye kiti. Nimeichukua. Inafaa kufungia samaki.


Jumamosi, tarehe 8

Asubuhi salongo, usafi wa lazima wa Serikali, mtaa wote barabarani na fagio. Leontina alifagia upande wake tu, vumbi lote akalituma kwetu. Mama Marie-Louise akamuuliza mbele ya watu, "Sabuni iko wapi, sitwayeni?" Mimi nilifagia nikiimba.

Bakari amefika, vumbi la Kongolo mpaka kwenye meno. Jamila akamsimulia yote kwa Kifaransa, na kwa mikono pale Kifaransa kilipokwisha. Bakari akaenda nyuma ya jiko, akaitazama sabo muda mrefu. Akaja akakaa mbele yangu. Akasema freoni haikuisha hata siku moja. Kitenge kilizuia upepo, njo barafu ikajaa juu, njo mashine ikahangaika bila kupumzika. Kakule angeingia ndani angekiona. Mkaguzi alipokitoa, na umeme ulipokatika barafu ikayeyuka, basi, mashine ikapona.

Nimemsikiliza mpaka mwisho, kama mama mwema. Kisha nikamuuliza swali moja. Mashine ilisimama kabla ya freni, au baada?

Akasema, "Baada, mama, lakini..."

Nikamwambia lakini ni neno la watu walioshindwa. Akashika kichwa. Baadaye akanipa mikono miwili, akasema aksanti mama kwa ajili ya nyumba. Hiyo nimeipokea.

Lakini angalia shukrani za mkewe! Jamila ameutoa wavu wangu motoni, ameusugua kwa mchanga na majivu, ameupandisha tena kwenye tundu. Samaki wangu wamelala kwenye ungo kama wafungwa.

Baada ya alasiri nimelivaa koti. Vifungo vyote. Nimekaa. Mfuko wa kushoto bado una mchanga wa reli. Sikuumwaga.


Jumapili, tarehe 9

Kakule amerudi kutoka Kalima, amekuja na chuma chake. Kabla hajagusa kitu akasimama, akasikiliza. Mashine ikanguruma, ikapumzika, ikanguruma. Akaiona sabo, akauliza nani ameweka. Nikamfundisha kazi yote tangu mwanzo, bure, kwa sababu ni kijana na bado anaweza kusaidiwa. Akakuna kichwa. Akasema, kwa kweli, sauti imeshuka. Umeona! Fundi mwenyewe! Halafu akasema sabo ile itaipasua mashine, tuitoe. Huo ni wivu wa kazi. Nimemsindikiza mpaka barabarani.

Musafiri ametuma salamu. Anauliza nyumba imesimama stesheni gani. Nimemjibu Kasuku, na aje kushuka anywe chai.

Leontina ametundika vitenge vya Chama kwenye madirisha yake yote, mkaguzi akirudi upepo wake nao upite pazuri. Hakuna hata pumzi inayoingia. Okito amekaa nje tangu asubuhi, shati begani, anajipepea na sahani. Mapumbavu. Kuziba bila freni!

Nimefikiri sana leo, na koti mwilini. Keshokutwa wavuvi wananiletea samaki, na bila wavu wangu wataoza. Kitenge sasa kiko ukutani saluni, mkaguzi amekihesabu, hakiguswi. Lakini liko blanketi la kijivu la Bakari, zito kuliko kitenge mara tatu. Na kama freni moja imefanya kazi namna hii, mbili zitafanya nini?

Jamila, najua unasoma. Ncha ya kalamu niliiacha inatazama mlango, leo nimeikuta inatazama dirisha. Basi soma vizuri, na usitie maandiko pembeni. Kesho asubuhi, kabla ya chai, panda ngazi, toa wavu wangu, urudishe jikoni. Tundu ulizibe kwa lile blanketi, likunje mara nne, usiache hata njia ya sisimizi. Ukimaliza, chukua kata, nenda stesheni kwa Musafiri, umwambie nataka sabo ya pili. Na njiani, muntu akikuuliza umebeba nini, sema mawe.